Tusimcheke anayemaliza wa mwisho

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika ukurasa huu wa barua ili nami nitoe dukuduku langu juu ya jambo ambalo kwa watu wengi ni la kuchekesha tu, lakini kwangu mimi si la kucheka hata kidogo. Jambo lenyewe ni matokeo ya wenzetu wa Kenya katika Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi, yaani ile michezo inayochezwa juu ya theluji na barafu.

Najua msomaji atashangaa. Mzee wa Kaagya, mtu wa migomba na kahawa, ana habari gani na theluji? Ni kweli. Huku kwetu barafu tunaijua kwa njia tatu tu. Ya kwanza ni mvua ya mawe, ambayo ikipiga shambani huchana majani ya migomba na kupukutisha kahawa changa, nasi tukabaki tumeshika tama. Ya pili ni ile ya vijiti ambayo watoto hununua wakati wa mapumziko shuleni. Ya tatu ni ile ya mwaloni, inayopondwa na kumwagwa juu ya sangara ili wasiharibike kabla ya kufika kiwandani. Barafu ya kukimbilia mbio hatuna, wala hatutazamii kuwa nayo. Lakini mwenye kutaka kujifunza hachagui shule.

Kilichonifanya nishike kalamu ni mazungumzo ya vijana kijiweni. Mmoja wao alikuwa na simu, akawaonyesha wenzake picha za zamani za Mkenya mmoja akijikokota peke yake kwenye theluji hali wenzake wote wamekwisha maliza. Kijiwe kizima kiliangua kicheko. Mmoja akasema, "Aliyemtuma huko nani?" Mwingine akasema Kenya ilijitia aibu, na kwamba ni heri sisi Tanzania ambao hatujawahi kupeleka mtu kwenye michezo hiyo, kwani asiyekwenda hashindwi. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonichoma. Nimeona niyajibu hapa gazetini, maana nadhani wanaofikiri hivyo si vijana wa kijiwe kile peke yao.

Ndugu Mhariri, kwanza niwaeleze wasomaji habari yenyewe. Mkenya huyo ni Philip Boit wa Eldoret, mkimbiaji wa mita 800, wa ukoo mmoja na Mike Boit aliyepata medali ya shaba kule Munich mwaka 1972. Mwaka 1996 kampuni ya viatu ya Nike ya Marekani iligharimia mpango wa kuwachukua wakimbiaji wawili wa Kenya, yeye na Henry Bitok, na kuwapeleka Finland wakajifunze mbio za masafa juu ya theluji. Katika mbio hizo mtu hufungwa miguuni mbao mbili ndefu nyembamba, akashika fimbo mbili mikononi, akajisukuma kupanda na kushuka vilima. Boit alikuwa hajawahi kuiona theluji maishani mwake. Watu wa nchi za kaskazini huanza mchezo huo wakiwa wadogo kama watoto wetu wanavyoanza kupanda miembe. Yeye alianza akiwa mtu mzima wa miaka 24 au 25.

Tarehe 12 Februari, 1998, katika Olimpiki ya Nagano nchini Japani, alisimama kwenye mstari wa kuanzia mbio za kilometa 10. Mshindi alikuwa Bjørn Dæhlie wa Norway, bingwa aliyekuwa akitikisa dunia katika mchezo huo, aliyetumia dakika 27 na sekunde 24. Boit alimaliza wa 92, ndiye wa mwisho, kwa dakika 47 na sekunde 25. Pengo lilikuwa dakika 20 nzima. Mtu anaweza kuchemsha chai, akainywa, akaosha na kikombe.

Lakini sasa sikilizeni. Dæhlie alikwisha pata dhahabu yake na watu walikuwa wanamngoja wamvishe. Hakwenda. Alisimama pale pale kwenye mstari wa kumalizia, kwenye baridi, akimngoja mtu wa 92. Boit alipofika, bingwa alimkumbatia. Urafiki wao ukawa mkubwa hata Boit akampa mwanawe jina la Daehlie. Na Boit hakuacha mchezo. Alikwenda tena Salt Lake City mwaka 2002, na tena Turin mwaka 2006. Katika mbio fupi za Salt Lake City alikuwa wa 64, na mara hiyo hakuwa wa mwisho.

Hiyo ndiyo "aibu" iliyowachekesha vijana wetu. Mimi nauliza: kama bingwa wa dunia, ambaye theluji ndiyo shamba lake, hakuona cha kucheka, sisi tunaoijua barafu ya vijiti tunacheka nini?

Jambo la ajabu ni kwamba sisi Watanzania ndio tungekuwa wa mwisho kabisa kumcheka mtu wa namna hiyo. Je, tumemsahau John Stephen Akhwari? Tarehe 20 Oktoba, 1968, kule Mexico City, mwana huyu wa Mbulu alianguka katika mbio za marathoni akaumia goti vibaya. Waliokuwa wameanza mbio zile ni watu 75, na 18 kati yao hawakumaliza. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alikuwa amekwisha pita zaidi ya saa moja nyuma, giza limeingia, na watazamaji wengi wamekwenda zao, Akhwari alipoingia uwanjani akichechemea na bandeji mguuni. Alikuwa wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma kwenda kuanza mbio bali kuzimaliza. Jibu hilo limelitangaza jina la Tanzania kuliko ushindi mwingi. Basi ni sababu gani ya kumpigia makofi Akhwari na kumcheka Boit? Au wa mwisho akiwa wetu ni shujaa, akiwa wa jirani ni kichekesho?

Ndugu Mhariri, siandiki haya kama mtu safi. Nataka kuungama jambo, kwa kuwa bila kuliungama barua hii itakuwa ya unafiki.

Nilikuwa mwalimu wa michezo katika shule moja ya msingi wilayani Muleba. Mwaka mmoja tulikuwa na mashindano ya shule za jirani, na mbio za mwisho zilikuwa za mita 3,000. Mgeni wa heshima alikuwa amekaa pale mezani na zawadi zimepangwa: madaftari, kalamu, na mpira mmoja. Wingu lilikuwa limefunga upande wa ziwani. Watoto wote wakamaliza isipokuwa mmoja, mvulana wa darasa la tano, mwembamba, anakimbia peku. Alikuwa amebakiza mzunguko mmoja. Niliona anatuchelewesha, na niliona haya mbele ya mgeni kwa kuwa mtoto yule alikuwa wa shule yangu. Nikapuliza filimbi, nikamwita kwa ukali atoke uwanjani. Watoto wakacheka. Yeye akatoka, akaenda kukaa nyuma ya darasa. Mgeni akatoa zawadi, mvua ikanyesha, tukaenda zetu. Tangu siku ile mtoto yule hakukimbia tena. Siku ya michezo alikuwa akisema anaumwa.

Zaidi ya miaka ishirini baadaye nilikwenda mwaloni kununua samaki. Mwanamume mmoja aliyekuwa akipakua barafu kwa sepetu aliacha kazi akaja kunisalimu. "Shikamoo Mwalimu." Nikaitika marahaba, lakini sikumtambua. Akajitaja, akanichagulia samaki mzuri, akakataa kupokea nyongeza yangu. Tulipoagana akasema huku anatabasamu, "Lakini Mwalimu, ule mzunguko wangu mmoja bado nakudai."

Alisema kwa utani, na mimi nikacheka. Nilipofika nyumbani sikucheka tena. Nilijiuliza ni watoto wangapi niliowapulizia filimbi katika miaka yangu ya kazi, na walimu wenzangu nchi nzima wamewapulizia wangapi. Ndiyo maana picha ile ya Dæhlie akingoja hunisumbua. Mgeni wa Norway alimngoja mtu asiyemjua kwa dakika 20 kwenye baridi. Mimi nilishindwa kumngoja mwanafunzi wangu kwa dakika mbili.

Hata hivyo, ndugu zangu, tusidanganyane. Kumheshimu wa mwisho si sawa na kuridhika kuwa wa mwisho. Hapa ndipo nataka tutazame matokeo ya Kenya kwa jicho la pili.

Baada ya Boit, Kenya haikuwa na mchezaji katika michezo ya baridi ya mwaka 2010 wala ya 2014. Ilirudi mwaka 2018 kule Pyeongchang, Korea ya Kusini, kwa binti mmoja, Sabrina Simader, mwanamke wa kwanza wa Kenya katika michezo hiyo. Alikuwa wa 38 katika mbio za kasi za kushuka mlima ziitwazo Super-G. Ni matokeo ya kupongezwa. Lakini binti huyo alizaliwa Kilifi, akahamia Austria akiwa mtoto mdogo, na huko ndiko alikojifunzia. Halafu mwaka 2022 kule Beijing Kenya haikuonekana tena. Maana yake ni nini? Maana yake timu ilikuwa mtu mmoja. Mtu huyo akipumzika, nchi nzima imepumzika. Pale kampuni ilipolipa, mtu alikwenda. Mlezi wa Austria alipokuwepo, mtu alikwenda. Ambapo hakuna wa kulipa, hakuna wa kwenda. Huo si msingi. Mgomba usio na machipukizi, ukikatwa mkungu wake ndio mwisho wa shamba.

Tumtazame na mwingine. Shannon Abeda, kijana wa Eritrea aliyezaliwa Kanada, alishuka mlima Pyeongchang mwaka 2018 akawa wa 61. Miaka minne baadaye, Beijing, katika mashindano yale yale, akawa wa 39. Hakupata medali, na magazeti mengi hayakumwandika. Lakini mtu anayejua kusoma matokeo ataona kwamba hapo pana kazi iliyofanyika. Kutoka 61 hadi 39 ni safari, hata kama jukwaa la washindi bado liko mbali.

Sisi Watanzania hatusomi matokeo namna hiyo. Sisi tunajua mambo mawili tu: medali na aibu. Timu ikirudi na medali tunakwenda kuipokea uwanja wa ndege kwa ngoma. Ikirudi bila medali tunaitukana siku tatu, halafu tunaisahau hadi baada ya miaka minne. Medali zetu za Olimpiki ni mbili tu hadi leo, za fedha zote, za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui kule Moscow mwaka 1980. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule sasa ana wajukuu au anawatazamia. Je, katika miaka yote hiyo tumekuwa tukipima nini?

Mfano mzuri tunao nyumbani. Alphonce Simbu alikuwa wa 5 katika marathoni ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016, wa 7 katika ile ya Tokyo iliyokimbiwa mwaka 2021, na wa 17 kule Paris mwaka 2024. Baada ya Paris wapo waliosema amekwisha, apishe vijana. Tarehe 15 Septemba, 2025, kule Tokyo, Simbu huyo huyo aliwashinda wote akawa bingwa wa dunia wa marathoni, Mtanzania wa kwanza kupata dhahabu katika mashindano ya riadha ya dunia. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda mmoja, saa 2 dakika 9 na sekunde 48, na kilichowatenganisha ni sehemu tatu za mia moja za sekunde. Kama angepuliziwa filimbi baada ya Paris, leo tungekuwa na nini?

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, naomba nitoe mapendekezo yangu, nikitumaini kwamba wahusika watayasoma.

Kwanza, katika mashindano yote ya shule, kuanzia kijijini hadi UMITASHUMTA na UMISSETA, iwe ni kanuni kwamba zawadi hazitolewi mpaka mtoto wa mwisho amemaliza. Mgeni wa heshima angoje. Kama ana haraka, basi asikubali mwaliko. Jambo hili halihitaji bajeti wala mfadhili, linahitaji mwalimu mwenye subira tu.

Pili, kila shule iwe na daftari la michezo ambamo huandikwa muda wa kila mtoto, si wa watatu wa kwanza peke yao. Saa ya kupimia sasa imo katika simu ya kila mwalimu. Mtoto aliyekimbia kwa dakika 15 mwaka huu, mwakani akikimbia kwa dakika 14 apigiwe makofi hata kama ni wa mwisho, kwa kuwa amejishinda mwenyewe. Bila daftari hatuwezi kujua nani anapanda na nani anashuka, tutabaki kukisia kama mnunuzi wa kahawa asiye na mizani.

Tatu, vyama vya michezo vinapopeleka timu nje, vikirudi vitangaze matokeo kamili kwa wananchi. Nani alikuwa wa ngapi? Muda wake wa zamani ulikuwa gani na wa sasa ni gani? Alifanya mazoezi kambini kwa siku ngapi? Msafara ulikuwa na wachezaji wangapi na viongozi wangapi? Wananchi wakijua hayo, hawatamlaumu mchezaji kwa kosa lisilo lake, wala hawatamsifu kiongozi kwa jasho lisilo lake.

Nne, tusikimbilie ya watu tukaacha yetu. Sisemi Tanzania ipeleke timu kwenye theluji. La hasha! Nasema kwamba kama mtu wa Eldoret aliweza kujifunza theluji ambayo hakuwahi kuiona, sisi tunaoamka kila siku tukiitazama Ziwa Victoria tuna udhuru gani? Huku Bukoba na Muleba watoto wanazaliwa wakisikia mawimbi, lakini wangapi wamefundishwa kuogelea na mtu anayejua kufundisha? Mashindano ya kuogelea na ya kupiga kasia, yakisimamiwa vizuri na kwa usalama, yangetupatia wachezaji, na yangetupatia pia watu wanaojua maji. Mkoa huu umezika wengi kwa sababu ya ziwa hili. Hatujaisahau meli ya MV Bukoba ya Mei 1996, wala ndege iliyoanguka majini karibu na uwanja wetu tarehe 6 Novemba, 2022, wakafa watu 19, na waliotangulia kufika kusaidia walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Sidai kwamba kuogelea kungewaokoa wote. Nasema kwamba watu wa ziwani wasiojua ziwa ni sawa na watu wa theluji wasiojua kutembea juu yake.

Najua wapo watakaosema kwamba michezo ni anasa, na kwamba barabara, dawa na madawati vitangulie. Nawaheshimu, na mimi pia nataka madawati. Lakini yale mawili ya kwanza niliyoyataja hayali hata senti moja ya dawati. Wengine watasema kwamba dunia haimkumbuki wa mwisho. Hao nawajibu kwa swali: ni wangapi wanaojua jina la aliyekuwa wa pili nyuma ya Dæhlie siku ile ya Nagano? Mimi mwenyewe simjui. Wa 92 ninamjua.

Vijana wa kijiweni nimewapelekea hoja hizi kwa mdomo, na baadhi wameanza kunielewa. Yule aliyesema asiyekwenda hashindwi bado hajakubali. Nimemwambia asiyekwenda hashindwi, ni kweli, lakini pia hafiki.

Mwisho, kwa mwanafunzi wangu wa zamani, kama gazeti hili litakufikia huko mwaloni, labda likiwa limefungia samaki: deni lako nalikumbuka. Uwanja ule bado upo, na siku ukipata nafasi nitakuja na saa yangu. Kimbia mzunguko wako, hata ukitumia nusu saa. Safari hii nitangoja mpaka mwisho.



Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu Mstaafu,
Kaagya,
BUKOBA.